Ziwa Liitwalo Ziwa: Uzito wa Neno la Kuulizia

Neno la Kiingereza *what* hubeba kazi nyingi. Mholanzi anapolitafsiri hulazimika kuchagua: akiuliza kitu husema *wat*; akiuliza kimoja kati ya vingi, *welk*; na akiuliza jina husema *hoe*, yaani "vipi". Kiswahili nacho hutenganisha: nini, lipi, -je. "Hili ni nini?" si sawa na "Hili linaitwaje?"

Tofauti hiyo imo katika ramani ya Ruvuma. Septemba 1859 David Livingstone alilifikia ziwa letu akitokea kusini, kwa njia ya Mto Shire, akaliandika kwa jina la Nyasa. Katika Kiyao, nyasa ni ziwa tu. Ukimuuliza mwenyeji "ni nini hili?" naye akakujibu "ni ziwa", amekujibu kwa usahihi, ulichotaka kujua ndicho hukukiuliza. Hivyo jina "Ziwa Nyasa" maana yake ni Ziwa Ziwa, na mwaka 1907 Waingereza wakaiita himaya yao ng'ambo ya pili Nyasaland, nchi ya ziwa.

Swali jingine liliulizwa Ulaya. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani ziliulizana: lipi langu, lipi lako? Watu wa Liuli na Mbamba Bay hawakuulizwa lolote. Mkataba ukaupitisha mpaka ufukoni. Malawi hushikilia maneno hayo; Tanzania hudai mpaka upite katikati ya maji. Kwa msimamo wa kwanza, mvuvi wa Liuli akisukuma mtumbwi majini amekwisha kuvuka mpaka kabla ya kutupa wavu.

Mgogoro ulipopamba moto mwaka 2012, kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, usuluhishi ulikabidhiwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano. Swali likabaki lilelile: lipi la nani? Ilhali upande wa Msumbiji, Uingereza na Ureno zilikubaliana mwaka 1954 kuupeleka mpaka katikati ya ziwa. Maneno ya mkataba, basi, hubadilika pale wahusika wanapokubali kuuliza upya.

Watumishi wa umma wanaoandaa hoja zetu hawana budi kuidai haki ya "lipi". Lakini wasiishie hapo. Dagaa hawana uraia, wala dhoruba haiombi pasipoti. Swali ambalo mikataba yote haijamuuliza mkazi wa ufuko huu ni la -je: tulitumieje ziwa hili pamoja?