Refa, Mtahini, Jaji: Majina ya Mwamuzi wa Rufani za Mafao

Miongoni mwa maneno yanayoletwa mezani kwetu ili yatafutiwe Kiswahili, yapo yanayoonekana mepesi mpaka mtu ayaguse. Mojawapo ni jina la yule ofisa wa serikali ambaye hashughuliki na wezi wala wagomvi wa mipaka ya mashamba, bali husikiliza rufani za watu walionyimwa au kukatiwa msaada wa umma: mlemavu, mzee, mama mwenye watoto asiye na kipato. Hakimu wa mahakama siye; wala si karani, maana uamuzi wake unaweza kuitengua barua ya idara. Pendekezo la kwanza lililotolewa lilikuwa "ofisa msikilizaji". Nililipinga, nikatakiwa nitoe sababu. Sababu hizo nimezipata katika historia ya kazi hiyo nchini Marekani, ambako jina lake limebadilishwa zaidi ya mara moja.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliagiza kwamba jimbo lipokealo fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wenye shida sharti limpe mtu aliyenyimwa msaada nafasi ya kusikilizwa kwa haki mbele ya idara ya jimbo hilo. Yafaa tuyatazame vizuri maneno "mbele ya idara". Aliyelalamikiwa ndiye aliyewekwa kuwa msikilizaji. Kwa upande wa mafao ya uzeeni, yaliyosimamiwa na serikali kuu yenyewe, waamuzi walianza kazi mwaka 1940 kwa jina ambalo sisi tumelitohoa kuwa "refa". Waingereza walikwisha kuitangulia njia hiyo: sheria yao ya bima ya mwaka 1911 iliwapeleka wasio na kazi kwenye mabaraza ya marefa, na juu ya mabaraza hayo ikamweka mwamuzi mkuu mwenye jina litumikalo katika kriketi. Lugha ya kiwanjani haikuchaguliwa kwa mzaha. Refa hana timu.

Mwaka 1946 Marekani ilitunga sheria ya taratibu za utawala, ambayo ilimwita ofisa huyu kwa jina ambalo tafsiri yake ya karibu ni mtahini. Jina hilo lilikuwa pungufu, lakini sheria ilimpa kinga kubwa: mshahara wake usipangwe na idara anayoiamulia mashauri, wala asifukuzwe pasipo sababu nzuri kuthibitishwa. Baadaye marefa wa hifadhi ya jamii nao waliitwa watahini, na mwaka 1972 watahini wote wa serikali kuu wakapewa cheo cha jaji wa sheria za utawala. Kinga ilitangulia, heshima ya jina ikafuata miaka 26 baadaye. Lakini haya yote yaliwahusu watumishi wa serikali kuu. Ofisa wa jimbo, aliyekaa na mama wa watoto watatu kuamua kama atapata fedha za mwezi ule, hakuguswa na sheria hiyo.

Kwa huyo wa majimboni, siku kubwa ni tarehe 23 Machi, 1970, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu katika shauri la Goldberg na Kelly. Katika jiji la New York mtu aliyeshukiwa kuwa hastahili msaada aliletewa barua yenye notisi ya siku saba. Aliweza kumwandikia ofisa wa juu maelezo yake. Asipokubaliwa, msaada ulikatwa, na ndipo baadaye aliposikilizwa ana kwa ana. Akishinda alilipwa malimbikizo yake. Swali ni atakula nini katika muda huo, naye hana akiba. Jaji Brennan, akiandika kwa niaba ya majaji watano dhidi ya watatu, aliamua kwamba usikilizaji utangulie ukataji. Akaongeza kuwa maandishi hayatoshi, kwa kuwa wengi wa watu hao hawana elimu ya kujieleza kwa kalamu: waruhusiwe kusema kwa kinywa na kuwahoji mashahidi wanaowapinga. Mwamuzi naye asiwe ameshiriki kutoa uamuzi unaolalamikiwa, na aeleze sababu za uamuzi wake. Jaji Black alipinga, akihofu kwamba serikali, ikijua ni vigumu kumwondoa mtu, itasita kumwandikisha. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 1976, katika shauri la Eldridge, mahakama hiyohiyo ilirudi nyuma kidogo, ikasema kuwa mafao ya ulemavu yaweza kusitishwa kwanza na usikilizaji ufuate.

Sasa nirudi kwenye neno. Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza; anayesikiliza ametega sikio kwa makusudi. Kwa hiyo "usikilizaji wa haki" ni istilahi njema, naikubali. Lakini "msikilizaji" amekwisha kuchukuliwa na redio: ni mtu asiyejibu. "Mtahini" atatuletea mitihani ya shule, na "mchunguzi" atamtisha mama yule kabla hajaketi. "Mwamuzi" lina faida ya kitenzi chake, kwani kuamua ni kukata shauri na pia ni kuwatenga wanaopigana. Watangazaji wa mpira walikwisha kulitumia badala ya refa, na tangu mwaka 2007 wafanyakazi wa Tanzania wamekuwa wakiyapeleka mashauri yao kwa waamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hata hivyo lina upungufu, nami sitauficha. Katika shauri la Perales la mwaka 1971 ilidaiwa kwamba mtahini wa mafao amevaa kofia nyingi mno: anaitafutia idara ushahidi, anamtafutia mdai, kisha anahukumu. Mahakama haikuliona hilo kuwa kosa, maana kazi yake ni kuutafuta ukweli wa pande zote mbili. Mwamuzi wa mpira haugusi mpira, huyu anaugusa.

Katika orodha inayokwenda kamatini nimeandika "mwamuzi wa rufani za mafao", na chini yake nimeacha mstari mmoja mtupu.