Ardhi ya Tabora: Mpango utangulie reli

MJI wa Tabora ulikua kwa sababu ya njia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoanzia pwani, hasa Bagamoyo, ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ilielekea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kama mahali hapo palivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, hawakukuta mji wenye mitaa. Walikuta matembe ya wafanyabiashara Waarabu yaliyotawanyika katikati ya mashamba.

Tangu wakati huo kila njia mpya imehamisha watu, biashara na thamani ya ardhi, na mara nyingi mpango wa matumizi ya ardhi umefika wakati watu wamekwisha kujenga. Sasa Tabora inarudia kuwa njia panda. Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Ukafuata wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, Julai 2022, na wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, Desemba mwaka huohuo. Suala linaloikabili mikoa ya magharibi ni kama safari hii mpango utatangulia reli au utaifuata.

Fundisho la Bagamoyo, Kwihara na Ujiji

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, si Bagamoyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika kipindi cha miaka tisa tu, ramani ya biashara iliyodumu kwa vizazi ilibadilika. Bagamoyo ilipoteza nafasi yake kwa Dar es Salaam. Ujiji, uliokuwa mwisho wa safari ya misafara, ulipitwa na Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, kwa sababu ndiko reli ilikoishia. Kwihara, ambako David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, ilibaki kijiji cha kumbukumbu, wakati mji ulikua kuelekea boma na stesheni.

Hakuna mkazi wa Kwihara wala Ujiji aliyeulizwa. Uamuzi wa mahali pa kuweka stesheni ulikuwa wa wahandisi na serikali ya kikoloni, na matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Jambo hilo lina uzito sasa, kwa kuwa stesheni za reli mpya huko Morogoro na Dodoma zimejengwa mbali na zile za reli ya zamani, maeneo ya Kihonda na Mkonze. Panapowekwa stesheni, bei ya shamba hupanda, na mwenye shamba asiyejua mpango uliopo huuza mapema kwa bei ndogo.

Kuhamishwa kabla ya kupangiwa

Historia ya upangaji wa makazi magharibi mwa Tanzania ni historia ya kuhamishwa. Wakati wa utawala wa Waingereza, wananchi wengi walikusanywa katika makazi maalumu ili kuwaepusha na malale. Mwaka 1947 ulianzishwa mradi wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa mashine nzito, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Baada ya uhuru, serikali iliamua mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni ya watu walihama. Wengi waliacha mashamba yao ya asili na kupewa maeneo ambayo wengine waliyahesabu kuwa yao. Aidha, mageuzi ya madaraka mikoani ya mwaka 1972 yalikuwa yameondoa serikali za mitaa. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978 na za wilaya mwaka 1984. Kwa hiyo, operesheni kubwa kuliko zote za kupanga makazi nchini ilifanyika wakati ambapo chombo cha karibu zaidi na mwananchi hakikuwapo.

Migogoro iliyotokana na hali hiyo ndiyo iliyomfanya Rais Ali Hassan Mwinyi kuunda, mwaka 1991, Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume hiyo ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa serikali kuu, ardhi ya taifa iwe chini ya chombo huru na ardhi ya vijiji chini ya mikutano ya vijiji yenyewe. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 haikukubali pendekezo hilo. Ardhi yote iliendelea kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini.

Nani anapanga nini

Kwa miongo mitano, upangaji wa miji uliongozwa na sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, ambayo chimbuko lake lilikuwa Uingereza. Iliendelea kutumika hadi Bunge lilipopitisha sheria mbili mwaka 2007: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6, na Sheria ya Mipango Miji, Namba 8. Zilitanguliwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001.

Kwa mujibu wa sheria hizo, ardhi ya Tanzania Bara imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha mpango wa matumizi. Baada ya mpango kupita, na kijiji kuwa na cheti cha ardhi pamoja na masjala ya kutunzia kumbukumbu, wananchi wanaweza kupewa hati za hakimiliki ya kimila.

Mjini, halmashauri ya jiji, manispaa au mji ndiyo mamlaka ya upangaji. Huandaa mpango kabambe unaoonyesha mwelekeo wa mji mzima, kisha michoro ya kina inayoonyesha viwanja, barabara, shule, masoko na maeneo ya wazi. Michoro huidhinishwa na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Kwa upande wa vijijini, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, hutoa miongozo na kuratibu mipango ya wilaya na vijiji.

Kwenye karatasi mfumo umekamilika. Katika utekelezaji kuna nyufa tatu. Halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, wakati miongozo na idhini za upangaji hutoka Wizara ya Ardhi. Miradi mikubwa, kama reli, barabara na mabomba, hupangwa na taasisi nyingine zenye wizara nyingine. Na bajeti ya upangaji wa kijiji au mtaa mara nyingi hutegemea mradi wa wafadhili au michango ya wananchi wenyewe, hivyo kazi husimama fedha zinapokwisha.

Manispaa moja, sheria mbili

Manispaa ya Tabora ni mfano mzuri wa ufa unaoumiza zaidi. Ndani ya mipaka yake zimo kata za mjini, kama Gongoni, Isevya, Kanyenye na Ng'ambo, na zimo pia kata zenye vijiji vya wakulima, kama Misha na Kakola. Upande mmoja unaongozwa na Sheria ya Mipango Miji, upande wa pili na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mji unapopanuka, kijiji hugeuka mtaa, na mamlaka ya mkutano wa kijiji juu ya ardhi hukoma.

Hapo ndipo mwananchi hupoteza au hupata. Sheria inasema ardhi ya kijiji inapohamishiwa kwenye ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, na eneo lisizidi hekta 250, mkutano wa kijiji una haki ya kukubali au kukataa. Likizidi hekta 250, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia maoni ya kijiji. Mwenye ardhi anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka, inayojumuisha thamani ya soko, usumbufu, usafiri na makazi ya muda. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 iliongeza kwamba uthamini wa fidia hupoteza nguvu baada ya miaka miwili.

Haki hizo hazina maana kwa asiyejua mipaka ya kijiji chake wala mchoro uliopo wa eneo lake. Kijiji chenye mpango kinaingia kwenye mazungumzo kikiwa na ramani. Kisicho na mpango kinaingia na maneno matupu.

Mfano mwingine uko Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua. Eneo hilo lilitengwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Baadaye takriban watu 162,000 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti. Awali ilikusudiwa wahamishiwe mikoa mingine, lakini mpango huo ukaachwa. Watu hao wakawa raia juu ya ardhi iliyotengwa kama makazi ya wakimbizi, nje ya mfumo wa kawaida wa vijiji. Uraia ulipatikana kabla ya mpango wa ardhi.

Dodoma na Rwanda

Njia hiyohiyo ya misafara inapita Dodoma, ambako serikali ilijaribu dawa nyingine. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, yenye uwezo wa kupanga, kupima na kugawa ardhi. Mji ulipata michoro mizuri kuliko miji mingi nchini. Hata hivyo, wananchi walijikuta na wakubwa wawili, mamlaka na manispaa, na migogoro ya viwanja ikaongezeka. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA na kazi zake zikahamishiwa manispaa. Funzo lake ni kwamba utaalamu bila uwajibikaji kwa wakazi haudumu.

Rwanda, nchi yenye kilomita za mraba 26,338, karibu theluthi moja tu ya Mkoa wa Tabora wenye zaidi ya 76,000, ilifuata njia tofauti. Kati ya mwaka 2009 na 2013 ilitambua na kuandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi, kisha ikaweka mpango mmoja wa kitaifa wa matumizi ya ardhi ambao mipango ya wilaya lazima iufuate. Tanzania haiwezi kunakili kila kitu, kwa sababu ya ukubwa wake na mfumo wake wa vijiji, lakini inaweza kuchukua jambo moja: ramani moja inayotambuliwa na taasisi zote.

Kinachohitajika sasa

Idadi ya watu wa Mkoa wa Tabora iliongezeka kutoka 2,291,623 mwaka 2012 hadi 3,391,679 mwaka 2022. Kasi hiyo haisubiri. Hivyo basi, kuna hatua ambazo hazihitaji sheria mpya.

Kwanza, maeneo yanayozunguka stesheni za reli mpya yatangazwe kuwa maeneo ya upangaji mapema, na michoro ibandikwe kwenye ofisi za kata na vijiji, si kubaki manispaa peke yake. Pili, pale inapowezekana, mwenye shamba asiondolewe. Achangie sehemu ya ardhi yake kwa barabara na huduma, abaki na viwanja vilivyopimwa vyenye thamani kubwa zaidi. Tatu, mapato ya mauzo ya viwanja yarudi kupanga na kupima maeneo mengine. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002 kwa mkopo wa Hazina uliorejeshwa kwa mauzo ya viwanja, ulionyesha kwamba inawezekana.

Nne, wataalamu. Tabora ina Chuo cha Ardhi kinachofundisha fani za ramani na usimamizi wa ardhi. Si jambo la busara mkoa wenye chuo hicho kukosa mafundi wa kuandaa mipango ya vijiji vyake. Tano, urithi wa njia ya misafara uingizwe kwenye michoro. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Kwihara ikiwa miongoni mwa maeneo sita yaliyotajwa. Eneo lisilo na mipaka kwenye ramani hulindwa kwa shida.

Mwaka 1912 wakazi wa Unyanyembe hawakuwa na sheria ya kuwalinda wala mkutano wa kuwasikiliza. Wa sasa wanavyo vyote viwili. Kazi iliyobaki kwa halmashauri zote nane za mkoa ni kuitisha mikutano hiyo kabla mpima hajaweka bikoni ya kwanza.