Kuvu Dhidi ya Nzige Wekundu: Kutoka Mweru Wantipa hadi Katavi

Mashariki ya Puta, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuna bonde la Mweru Wantipa, ambalo hufurika na kukauka kwa zamu. Humo, na katika mbuga za Rukwa nchini Tanzania, ndimo yalimo mazalio ya nzige wekundu. Baa lao la mwisho lililoenea kusini mwa Afrika lilidumu tangu 1930 hadi 1944. Tawala za kikoloni zilijifunza kwamba nzige hudhibitiwa kwenye mazalio, kabla hawajaruka. Mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao, makao yake Abercorn, leo Mbala.

Silaha kuu ilikuwa sumu za kemikali. Ziliua upesi, lakini mazalio hayo ni maeneo oevu, makazi ya samaki, ndege na nyuki.

Njia nyingine ilikwisha kujulikana. Mwaka 1835 Agostino Bassi wa Italia alionyesha kwamba kuvu husababisha ugonjwa wa viwavi wa hariri. Mwaka 1879 Metchnikoff alijaribu kuvu ya Metarhizium dhidi ya wadudu wa ngano. Kikwazo kilikuwa ukavu wa hewa, kwa kuwa vijimbegu vya kuvu huhitaji unyevu. Mradi wa LUBILOSA, ulioanza 1989, ulikiondoa kwa kuvichanganya na mafuta badala ya maji. Kijimbegu hunata kwenye gamba la nzige, hupenya na kumla kwa ndani. Nzige hufa baada ya wiki moja hadi tatu.

Mwaka 2009 FAO, pamoja na shirika la kudhibiti nzige lenye makao Ndola, walinyunyizia kuvu hiyo kwenye mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, karibu hekta 10,000. Baa lilizuiwa.

Je, kuvu imechukua nafasi ya sumu? Kwa sharti moja. Wiki tatu ni nyingi mno kwa mkulima ambaye nzige wamekwisha kutua shambani mwake. Kuvu inafaa pale nzige wanapoonekana mapema. Kwa hiyo funzo la 1949 halijapitwa na wakati, bali limezidi uzito. Serikali zikiacha kugharimia doria za mbugani, kuvu itachelewa, na sumu itarudi kwenye maji yanayolisha watu.