Ujumbe unasema "leo". Leo ya lini?

Kuandika kifupi kulienea na SMS. Mesaji moja ilikuwa na nafasi ya alama 160 tu, na kila moja ilikula unite. WhatsApp haina mupaka ule, lakini tabia ilibakia: "bjr", "slt".

Kwa salamu hakuna shida. Mwenye kuandika "slt" anajua "salut" muzuri. Shida ni habari za usalama. Kiswahili kinabeba wakati ndani ya kipande kidogo cha neno: wamefika, watafika, hawajafika. Ukiandika mbiombio na kukosea silabi moja, jamaa nzima inafunga mizigo usiku, ao inabakia mahali haifai kubakia.

Tena kuko lile neno "leo". Mtu wa Rutshuru anaandika asubui: "Leo barabara imefungwa." Mwingine anaipitisha Goma kesho yake, mwingine Butembo kiisha juma moja. Hakuna neno limebadilika, ila "leo" si leo tena. Alama ya "Transféré" inaonyesha tu kama ujumbe ulipitishwa, haisemi ulitoka wapi wala siku gani. Tangu 2019 WhatsApp ilipunguza kupitisha, mazungumzo matano kwa mara moja. Mwendo ulipungua, tarehe haikurudi.

Kwa hiyo mbele ya kutuma, andika kijiji, tarehe, saa, na kama ni "nimeona" ao "nimeambiwa". Hilo la mwisho wengi wanaliogopa, sawa vile ni haya kuambiwa.