Ufunguo wa Stoo

Nilipokuwa mdogo, mama aliuza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Jioni hakurudi nyumbani na magunia. Aliyaacha kwenye stoo moja nyuma ya soko, akamlipa mzee wa mlango pesa kidogo. Risiti hakuna. Kila mama alifunga gunia lake kwa kitambaa cha rangi yake, na mzee alizijua rangi zote. "Jaduong', niangalizie mzigo," mama angesema, kisha tunaenda zetu kulala.

Nilidhani huo ni utaratibu wetu tu, mpaka niliposoma kuhusu wikala za Cairo. Moja ilijengwa na Sultani Qansuh al-Ghuri miaka ya 1504 na 1505, na hadi leo imesimama. Katikati kuna uwanja, chini maghala, juu vyumba vya kulala wafanyabiashara. Lango kuu lilifungwa usiku, mzigo na mwenye mzigo wakiwa ndani.

Maneno yenyewe tunayo. Wikala na wakala ni ndugu: yote yametoka kwenye Kiarabu cha kumkabidhi mtu jambo lako. Hata bawabu, yule wa mlangoni, ni Kiarabu.

Ukifikiria, Kisumu nzima ilianza kama stoo. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mizigo ya Uganda ilishuka kwenye treni ikangoja meli, na baadaye pamba ya Uganda ikaja ikangoja treni. Mzigo unaongoja lazima uwe na wa kuulinda.

Mzee wetu alipofariki, stoo ilichukuliwa na mtu mwingine. Huyu alikuwa na kitabu cha risiti, tena chenye muhuri. Asubuhi moja magunia mawili ya mama hayakuwepo. Risiti ilikuwepo. Mwenye stoo alisema yeye hulinda mlango, si magunia. Muhula huo nilichelewa kurudi shule, karo ikiwa imeenda na omena.

Jina la Sultani limeandikwa vitabuni. La bawabu wake silijui, wala mama hakuwahi kujua jina kamili la mzee wetu. Lakini nikipita Kibuye jioni, kufuli zikifungwa, huyo ndiye ninayemkumbuka.