"Fungua Seva" Si Jokes: Historia Fupi Yenye Mkono wa Nyamira

Siku hizi ukimwambia msee "fungua seva", unataka akupee simu yake uone anachat na nani. Lakini hii maneno haikuanza mtandaoni. Ilianza 2017, na katikati yake kulikuwa na mtu wa kwetu: Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira.

Tulipiga kura 8 Agosti 2017. Ukipigia Suneka, Keroka ama Nyansiongo, karatasi ya maana ni moja: Fomu 34A. Inajazwa hapo hapo kituoni, maajenti wanaweka sahihi, nakala inabandikwa mlangoni, kisha picha yake inatumwa kwa seva za IEBC. Sasa shida ikawa hivi: mshindi alitangazwa 11 Agosti, na picha za fomu nyingi hazijafika. IEBC ikasema vituo zaidi ya 11,000 haviko kwa mtandao wa 3G. Raila akaenda kortini. Wafuasi wake wakapiga kelele: fungua seva!

Hapa ndipo watu wengi husahau. Tarehe 28 Agosti, Mahakama ya Juu haikusema kila mtu apewe nywila aingie achokore anavyotaka. Ilisema walalamishi waruhusiwe kusoma tu. Uone fomu, uone rekodi ya nani aliingia na saa ngapi, lakini usiguse kitu. Hiyo ndiyo siri yote ya kutunza nyaraka: kusoma na kubadilisha ni milango miwili tofauti, na kila mlango una kufuli yake.

IEBC haikufungua vile iliamriwa. Majaji wakauliza swali ambalo hata nyanya yako angeuliza: kama huna cha kuficha, mbona hufungui? Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, kura ya urais ikafutwa. Afrika haikuwa imewahi kuona korti ikifuta ushindi wa rais aliye mamlakani.

Ruka hadi 9 Agosti 2022. IEBC ikaweka picha za Fomu 34A kwa tovuti, vituo 46,229, bila nywila. Ukiwa na bandozi, ulikuwa unaingia kaunti ya Kisii, unachagua Bobasi, unashuka hadi shule uliyosomea, unafungua fomu. Ungeweza kuidownload, lakini usingeweza kuibadilisha. Vyombo vya habari vikajijumlishia. Kesi ilienda kortini tena, na makamishna wanne wakamkana mwenyekiti wao. Lakini fomu za karatasi zilipolinganishwa na picha za kwa tovuti, korti haikuona tofauti kubwa.

Kwa hivyo msidanganywe na mtu anayesema "hii imefungwa kwa usalama wenu". Usalama si kuficha. Karatasi ikishabandikwa mlangoni mbele ya kijiji kizima, picha yake ikiwa wazi ndiyo inalinda kura, kwa sababu atakayeichezea atapatikana na mtu wa kituo hicho.

Chuo niliacha, lakini hukumu ya 2017 nimeisoma. Wewe nayo, 2027 ukimaliza kupiga kura, usikimbilie kuposti kidole chenye wino. Subiri ihesabiwe, piga picha ya ile karatasi ya mlangoni, uilinganishe na ya kwa tovuti. Zikikataa kufanana, leta hapa kwa comments tuone.