Mwisho wa sinema One Week

Charlot mnamjua. Mwenzake Buster Keaton, yule aliyesifika kwa kutocheka mbele ya watazamaji, habari zake ni haba kwetu. Alizaliwa Marekani mwaka 1895, akakulia jukwaani pamoja na wazazi wake wachezaji, akaingia katika sinema mwaka 1917 chini ya Roscoe Arbuckle. Mwaka 1920 akaanza kuonyesha sinema zake mwenyewe, na ya kwanza ndiyo One Week, maana yake Juma Moja. Ni ya dakika kama 20, nayo haina sauti.

Bwana na bibi, arusi yao ni ya juzi tu, wamepewa zawadi ya nyumba. Lakini nyumba imo masandukuni! Msidhani ni mzaha mtupu. Kampuni ya Sears, Roebuck iliuza nyumba hivyo: mbao zimekwisha kukatwa na kutiwa namba, mnunuzi anajenga mwenyewe. Basi, mwanamume mmoja aliyekataliwa na bibi yule akabadili namba za masanduku, na nyumba ikasimama kombokombo. Ijumaa tarehe 13 ikaja dhoruba, nyumba ikazunguka kama pia. Kisha wakaambiwa kwamba wamejenga katika kiwanja kisicho chao.

Hapo ndipo unapoanza mwisho wenyewe. Wanaiweka nyumba juu ya mapipa, wanaivuta kwa motokaa, nayo inakwama katikati ya njia ya reli. Gari la moshi hilo laja! Bwana anasukuma, bibi anasukuma, haitoki. Wanakimbilia kando, wanaziba macho. Gari linapita… katika reli ya pili, ubavuni mwa nyumba. Wanashusha pumzi. Papo hapo gari jingine latokea upande wa pili na kuivunja nyumba vipande vipande.

Angalieni akili iliyomo. Gari la kwanza sote tulilingojea; kama lingeigonga nyumba, tungecheka kidogo tu. Picha imepigwa kutoka mahali ambapo reli mbili zinaonekana kama moja, hata nasi tumedanganyika pamoja na maarusi. Tena haikuwa nyumba ndogo ya kuchezea: ilikuwa nyumba ya kimo chake, na gari la moshi la kweli. Kosa moja, na hakuna kurudia.

Siku zile sinema nyingi za kuchekesha, hasa zile za Mack Sennett, ziliishia katika mbio na vurugu. Keaton hakimbii. Anasimika kibao cha kuuza nyumba mbele ya kifusi, na juu yake anabandika karatasi ya mafundisho ya ujenzi, ili mnunuzi asipate shida! Kwangu mimi karatasi hiyo inachekesha kuliko magari yote mawili. Halafu anamshika bibi mkono, yule Sybil Seely aliyesukuma sawa naye, wanakwenda zao kwa miguu.

Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiandika One Week katika orodha ya sinema za kutunzwa.